Mto wa mlimani ukipungua: ubaki na mfongo, uchimbe bwawa, uchimbe kisima au uvune mvua ya bati?

Kila ikikaribia mwezi wa tisa napigiwa simu na ndugu zangu wa tambarare, huku chini ya Moshi, na maneno ni yale yale: mfongo, yaani ule mfereji wa kumwagilia unaotoka mtoni, umebaki uzi, zamu ya maji iliyokuwa kila siku ya nne sasa ni baada ya wiki mbili, nyanya zimeshika maua na hakuna cha kuzimwagilia, sasa nifanyeje, nikae nisubiri mto, nichimbe bwawa, nichimbe kisima kirefu au ninunue simtanki nikinge ya bati? Nimejibu kwa simu mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, kwa utulivu, mtu asome na mwenzake nyumbani ndo waamue. Picha niliyonayo kichwani ni Kilimanjaro upande wa kusini, kuanzia Hai, Moshi Vijijini mpaka Kahe, ila aliye chini ya Meru au kule Nanyuki chini ya Mlima Kenya naye atajikuta humu.

Kwanza ile theluji tuiweke sawa

Wengi wetu tunaamini mto unapungua kwa sababu theluji ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, inaisha. Na ukikaa Moshi asubuhi mlima umefunguka unaona kabisa ule weupe umebaki vipande. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12, ilipofika 2011 ilikuwa chini ya 2. Utafiti mmoja uliotoka 2002 ulikadiria ingekwisha kati ya 2015 na 2020, miaka hiyo imepita na vipande bado vipo, lakini UNESCO mwaka 2022 walisema kufika 2050 barafu ya kwenye maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya ikiwemo, itakuwa imekwisha. Kwa hiyo inaisha, hilo halina ubishi.

Ila hapa ndo uamuzi wako unapoanzia, naomba usiruke. Ile barafu iko juu mno, hewa ni kavu na jua ni kali, na sehemu kubwa yake haiyeyuki ikatiririka, inageuka mvuke moja kwa moja na kupotelea angani. Kinachojaza mito ya Weruweru, Karanga, Kikafu na wenzao ni mvua na ukungu wa ule msitu ulio kati ya mita 2,000 na 3,000 hivi, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka wakati Moshi mjini ni kama 900 tu. Ile miti yenye ndevu inaukamua ukungu tone kwa tone, halafu udongo wake unaimeza mvua ya masika na kuja kuitema polepole kiangazi. Ukishika hilo unaelewa kwanini mto ulikuwa na maji hata mwezi wa kumi ambapo hakuna mvua hata ya dawa.

Na huo msitu ndo umeumia. Juu kumekuwa kukavu, moto unashika kirahisi na kupanda, na tangu 1976 mlima umepoteza hekta kama 13,000 za msitu. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2016 ilisema maji yaliyopotea kwa sababu hiyo yangewatosha watu milioni moja kwa mwaka. Mimi hii namba inaniuma kuliko ya barafu, kwa sababu barafu hakuna anayeweza kuirudisha kwa mkono wake ila moto wa msitu unawashwa na binadamu, mrina asali au mchoma mkaa, na unaweza kuzuiwa.

Kuna nchi ambazo barafu kweli ndo mto. Mto Santa kule Peru, au Indus ambao Pakistan nzima inautegemea, hiyo inakunywa barafu na theluji. Kule joto likipanda mto unaongezeka kwanza, maji yanakuwa mengi, watu wanapanua mashamba wakidhani neema imekuja, kumbe ni akiba inatumbuliwa, na ukishafika kilele chake unaanza kushuka mwaka hadi mwaka na haurudi. Bolivia walikuwa na barafu ya Chacaltaya, ikaisha kabisa 2009. Kwa hiyo kama una ndugu anayelima nchi za namna hiyo usimpe ushauri wa Kilimanjaro, na ukisoma ushauri wa kule usiubebe mzima mzima kuuleta Kahe.

Kwao tangi la kiangazi lilikuwa barafu, kwetu tangi ni msitu pamoja na miamba ya volkano iliyo chini yake. Mto wetu hautakauka siku theluji ya Kibo itakapokwisha. Unachokuwa ni mto wa vurugu, masika unafoka na kubeba madaraja, kiangazi unabaki mawe, kwa sababu hewa ikipata joto nyuzi moja inabeba unyevu kama asilimia 7 zaidi, mvua ikija inakuja ya kumwaga, katikati jua linakausha udongo na mazao yanadai maji zaidi kuliko zamani, na tangi la msitu limepungua ukubwa. Ongeza na sisi wenyewe, mkoa ulikuwa na watu milioni 1.64 kwenye sensa ya 2012 na milioni 1.86 ile ya 2022, kila mmoja na ndoo yake.

Ukiangalia hivyo, chaguzi zote nne hapa chini ni namna tofauti za kujibu swali moja: tangi la mlima likipungua, utayatunza wapi maji ya kiangazi?

Nimepima kwa vitu gani

Nimeangalia vitu sita kwa kila moja. Maji yanatokana na nini hasa, na hicho chanzo kinaelekea wapi huko mbele. Kiangazi yanatosha kiasi gani. Hela na jasho, ya kuanza na ya kila mwezi. Usafi wa maji yenyewe. Uhusiano na watu, yaani kibali, majirani na walio chini yako. Halafu nani yanamfaa.

Bei sitaandika kwa sababu zinabadilika kila msimu na kila fundi ana yake, ila hesabu ya maji nitakupa maana hiyo haibadiliki. Ekari moja ya mboga au mahindi kwenye joto la tambarare chukulia inakunywa kama milimita 5 kwa siku. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni lita 20,000 na kidogo. KILA SIKU. Nusu ekari lita 10,000, robo ekari lita 5,000. Hiyo namba ishike, ndo itakayokuokoa usidanganywe na muuza tenki wala muuza pampu.

1. Kubaki na mfongo, ila kuutengeneza

Naanza na huu kwa heshima. Mifongo imechimbwa na mababu zetu kwa jembe la mkono na macho, bila kipimo chochote cha dukani, maji yakawa yanafuata mkono wa mchimbaji kilomita na kilomita kutoka makorongoni mpaka kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Wageni wa karne ya 19 walipofika waliandika kuhusu mifereji hii kwa mshangao. Mpaka leo kuna kaya hazina chanzo kingine.

Maji yanatokana na nini: mto moja kwa moja, kwa maana hiyo msitu moja kwa moja. Mto ukipata homa mfongo unapata siku hiyo hiyo, hauna akiba. Na ile mvua ya kumwaga inaumiza banio (kile kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji kwenye mfongo), kila masika linabebwa na mafuriko, watu mnarudi kulijenga upya kwa mawe, majani ya migomba na udongo.

Kiangazi: hapa ndo penye kilio. Mfongo wa udongo unavuja njia nzima, kinachoingia kwenye banio na kinachofika shambani ni vitu viwili tofauti, hasa kwa aliye mkiani. Ukijengewa zege au mkilaza bomba sehemu zile zinazovuja zaidi mnaokoa maji mengi bila kuongeza hata lita moja kutoka mtoni. Ila nawaambia na upande wa pili ambao mafundi hawausemi: kile kinachovuja hakipotei chote, kinalisha migomba ya pembeni na chemchemi za watu wa chini, mkiziba mfongo wote toka juu mpaka chini mtashangaa kisima cha bibi yule wa bondeni kinakauka. Zibeni penye changarawe na penye nyufa, pengine pasameheni.

Hela na jasho: hela ni kidogo ukigawa kwa kaya, jasho ni jingi. Msaragambo (kazi ya pamoja) wa kusafisha, kulinda zamu usiku, vikao. Na tatizo kubwa siku hizi wala sio maji, ni kwamba vijana wako mjini, wazee ndo wanabaki kuzibua, na faini ya asiyekuja hakuna wa kuidai.

Usafi: kumwagilia ni safi kabisa, hakuna chumvi. Kunywa hapana, yamepita kwenye mabanda na mashamba yenye dawa, chemsha au tafuta mengine.

Na watu: kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi ziko Moshi, na kikundi kilichosajiliwa kina nguvu zaidi kuliko mtu mmoja mmoja. Jua kwamba maji yako yana wenyewe chini. Yanaingia mto Kikuletwa au Ruvu, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, halafu yanafika mji wa Pangani ambako mto ukipungua nguvu chumvi ya bahari inapanda nao. Mkiweka banio jipya kiangazi kuna mtu mnamnyang'anya hata kama hamumuoni.

Anafaa: wa kihambani juu, mwenye ndizi na kahawa zinazovumilia zamu ndefu, na kijiji ambacho kamati bado inasikilizwa. Mwenye mboga za biashara mkiani mwa mfongo huu peke yake hautamtosha, namwambia kwa kumpenda.

2. Bwawa la shamba la kutandika plastiki

Unachimba shimo, unatandika ile plastiki ngumu nyeusi ambayo wengi wanaita turubai, unajaza wakati maji yapo unatumia wakati hayapo. Wapare wametutangulia siku nyingi, ndiva zao ni wazo hili hili, maji ya usiku yanalala kwenye ndiva asubuhi yanafunguliwa yakiwa na nguvu.

Maji yanatokana na nini: mafuriko ya masika, ama kutoka kwenye mfongo au ya kutiririka barabarani na mashambani. Yaani unakula kile ambacho mabadiliko ya tabianchi yanaongeza, maji mengi kwa mkupuo. Kwa macho yangu hili ndo chaguo pekee kati ya manne linalogeuza ubaya wa mto mpya kuwa faida. Mfongo wa lita 5 kwa sekunde ukiuelekeza bwawani saa 12 za usiku unakupa lita 216,000, usiku mitatu ya masika bwawa la kawaida limejaa, na wakati huo hakuna anayegombania maji maana kila mtu amelowa.

Kiangazi: tufanye hesabu bila kujipa moyo. Shimo la mita 20 kwa 15 juu, kina mita 2 na nusu, kuta zimelala nyuzi 45, linabeba kama lita 550,000, ukiacha ukingo juu sema laki tano. Jua linakunywa milimita 5 kwa siku pale juu, ni lita 1,500 kila siku, siku mia za kiangazi ni lita 150,000. Unabaki na 350,000. Ukimwagilia nusu ekari ni siku 35. Robo ekari ni siku 70, hizo zinatosha kufikisha nyanya kwenye mavuno kama ulianza na unyevu wa mwisho wa masika. Ekari nzima siku 17 tu, umeisha. Watu wengi wanaokuja kulia kwamba bwawa limewaangusha hawakuangushwa na bwawa, walipanda ekari nzima.

Hela na jasho: hela ya kuanza ni ya kati, plastiki ndo inakula zaidi, chimba kwa msaragambo wa ukoo kama bajeti ni ndogo. Baada ya hapo kila mwezi karibu bure kama shamba liko chini ya bwawa na maji yanashuka yenyewe. Ila kazi ndogo ndogo ni nyingi: matope yanaingia na mafuriko, weka kishimo cha kuyatega kabla hayajaingia, ondoa mawe yote kabla ya kutandika, kwato moja ya mbuzi inatosha kutoboa. Na uzio, jamani uzio. Plastiki ikilowa inateleza, mtoto akitumbukia hawezi kupanda mwenyewe, hata mtu mzima anashindwa. Weka uzio na funga kamba yenye mafundo inayoning'inia ndani kabla hujajaza tone la kwanza. Hili sitalisema kwa upole.

Usafi: kwa kumwagilia sawa, kunywa hapana. Ukiweka perege wanakula viluwiluwi vya mbu na unapata kitoweo.

Na watu: ukijaza masika unawaumiza wa chini kidogo sana ukilinganisha na kuchota kiangazi, lakini kama unachepusha mfongo kamati lazima ijue na uulize Bodi ya Bonde kuhusu kibali.

Anafaa: mwenye eneo lake halali (usichimbe kwenye shamba la kukodi msimu mmoja), mwenye robo mpaka nusu ekari ya mboga, na anayeweza kungoja masika moja ipite kabla hajaona faida.

3. Kisima kirefu na pampu ya sola

Hili ndo kila mtu analitaka siku hizi, na naelewa, ni raha kufungua koki yako bila kumuomba mtu.

Maji yanatokana na nini: mvua ya ule ule msitu, iliyozama kwenye miamba na kutembea chini kwa chini. Chemchemi za Chemka, Miwaleni na Njoro ni maji hayo hayo yakiamua kutoka. Kwa hiyo sio kweli kwamba ukichimba umejitoa kwenye matatizo ya mlima, umejisogeza mbali nayo kwa muda tu. Maji ya chini yanachelewa kuhisi, mwaka mmoja wa ukame hayajali, na hilo ni jambo kubwa, lakini yakianza kushuka nayo yanachelewa kurudi, na hutaona kwa macho mpaka siku pampu itakapovuta hewa.

Kiangazi: yakipatikana vizuri, hakuna kinachoyashinda. Kisima cha lita 2,000 kwa saa na sola ya saa 6 kinakupa lita 12,000 kwa siku, nusu ekari imeshiba mwaka mzima. Neno ni "yakipatikana". Mwamba wa volkano una tabia zake, jirani amepata maji mita 60 wewe hatua 200 tu ukakosa.

Hela na jasho: ndo ghali kuliko yote kuanza, na ni hela ya bahati nasibu kama hukupima. Lipia survei ya maji ya chini kabla, tumia mchimbaji mwenye leseni, na kwenye mkataba iandikwe nani anabeba hasara shimo likiwa kavu. Mjomba wangu alichimba bila survei, aliyemchimbia alimhakikishia maji yapo, wakafika chini kabisa wakapata unyevu tu, na malipo yalikuwa kwa mita sio kwa maji. Aliuza ng'ombe wawili kwa lile shimo. Sola imeshusha sana gharama ya kila mwezi ukilinganisha na jenereta, ila pampu ikifa chini mita 80 fundi wa kuitoa sio wa kijijini.

Usafi: hapa kuna jambo zito kwa ukanda wetu. Maji ya miamba ya volkano yanaweza kuwa na floraidi nyingi, hasa ukisogea upande wa Meru na tambarare za Hai. Zile alama za kahawia kwenye meno ya watoto sio uchafu, ni floraidi, na ikizidi kwa miaka inapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Haina ladha, haina rangi, na KUCHEMSHA HAKUITOI, kunaikoleza. Pima maabara kabla hujampa mtoto. Pima na chumvi pia, maji ya chumvi yakimwagiwa misimu kadhaa udongo unakuwa mgumu na mweupe juu, na shamba limekwenda.

Na watu: kibali kinahitajika, na mashimo yakiwa mengi sehemu moja kila mmoja anavuta kutoka kwa mwenzake. Mkoa hauna mto wa pili chini ya ardhi.

Anafaa: kikundi cha kaya kumi kuliko mtu mmoja, mwenye mazao ya bei nzuri mwaka mzima, shule, zahanati, mfugaji wa kuku wengi. Kwa anayekopa ili achimbe akiwa na robo ekari ya mchicha mimi roho yangu inakataa.

4. Tenki la mvua ya bati

Hili fupi. Maji yanatokana na mvua inayokuangukia wewe mwenyewe, mto usiwepo au uwepo. Bati la mita za mraba 80 kwenye mvua ya milimita 900, ukitoa ya kumwagika na kukauka, ni kama lita 57,000 kwa mwaka. Nyingi! Tatizo zinakuja kwa mkupuo na simtanki lako ni la 5,000. Kiangazi, familia ya watu watano kwa lita 20 kila mmoja inatumia 100 kwa siku, kwa hiyo lita 5,000 ni siku 50, lita 10,000 ni siku 100, ambazo ni karibu kiangazi chote cha kunywa na kupika. Kwa shamba, rudi kwenye ile hesabu: lita 10,000 ni ekari moja nusu siku. Usinunue tenki kwa ajili ya shamba, viroba vya sukumawiki mlangoni sawa.

Hela unaianza kidogo kidogo, mfereji wa bati leo, tenki kesho. Usafi ndo unashinda hapa, mvua haina floraidi wala chumvi, cha muhimu ni kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, na kufunika tenki mbu wasiingie. Majirani huwaumizi. Inamfaa kila kaya yenye bati, na ukiwa ukanda wa floraidi kwangu mimi hili linatangulia kabla ya yote hata kama unacho kisima, maji ya kisima yaende shambani na ya bati yaende jikoni.

Na dripu je?

Wengi wananiuliza dripu, yaani mipira ya kumwagilia kwa matone, kama chaguo la tano. Sio chanzo cha maji, ni namna ya kuyatumia. Inapunguza yale yanayopotelea kati ya mistari, kwa hiyo bwawa la siku 35 linasogea mbele na zamu ya mfongo inatosha sehemu kubwa zaidi. Ila maji ya mfongo yana matope yataziba matundu, lazima chujio na tenki dogo la kuinua juu. Anza na mistari michache ujifunze.

Sasa wewe uko wapi?

Uko juu kihambani, Machame, Kibosho, Uru, Marangu, mfongo bado unafika: usikimbilie kuchimba kitu. Tengenezeni banio na sehemu zinazovuja, fufueni kamati, weka tenki la bati kwa jikoni. Na nyie ndo mko karibu na msitu kuliko wote, moto ukionekana juu nyie ndo mnaofika kwanza.

Uko mkiani mwa mfongo, una eneo lako na unataka mboga za soko: bwawa la plastiki, robo ekari kwanza, ulijaze usiku wa masika kwa makubaliano na kamati. Mwaka wa pili ndo uongeze.

Uko Kahe, Mabogini au tambarare ambako maji ya chini yako karibu: kisima kinaweza kukulipa, ila kwa kikundi, kwa survei, na kwa kipimo cha maabara. Kama mpo karibu na chemchemi zungumzeni na Bodi ya Bonde mapema, mkivuta sana hapo mnaikausha chemchemi ambayo wenzenu wanaitegemea.

Uko upande wa Hai chini au Arumeru na watoto wana meno ya kahawia: tenki la bati mwaka huu, mengine yote baadaye.

Unakodi shamba msimu kwa msimu: hakuna kati ya haya ya kudumu inayokufaa, weka hela kwenye dripu ya kukunja na pampu ndogo ya kubeba, ukihama unahama nayo, na panda vitu vinavyowahi kukomaa kabla mto haujabaki mawe.

Una hela ya kimoja tu na hujui kipi: nenda mtoni au kwenye mfongo wako mwezi wa tisa na mwezi wa pili, na ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde, andika. Fanya hivyo kila wiki msimu mmoja mzima, uliza wazee enzi zao yalikuwa yanafika wapi kwenye jiwe au mzizi gani, ndo uende kwa fundi ukiwa na hilo daftari mkononi.